Majina ya Kiswahili, Maandishi ya Kiingereza: Tathmini ya Majarida ya Fasihi ya Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza walikutana katika chuo cha Makerere, Kampala. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa chuo hicho, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi fupi mbili tu: moja katika Penpoint, jarida la wanafunzi, na nyingine katika Transition, jarida lililokuwa bado changa. Mwezi huo huo Shaaban Robert alifariki dunia. Yeye alikuwa na mashairi, riwaya na insha nyingi, lakini hakuwa na nafasi mkutanoni, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, aliueleza mwenyewe upungufu huo katika Decolonising the Mind (1986).

Tunaanzia hapa kwa sababu tukio hili laonyesha kwa pamoja fahari na udhaifu wa majarida ya wanafunzi. Jarida dogo la chuo lilimfungulia kijana mlango. Mlango ule ule ulikuwa umefungwa mbele ya mzee aliyestahili kumtangulia.

Kazi iliyofanywa

Penpoint lilianzishwa mwaka 1958 katika Idara ya Kiingereza ya Makerere. Mwaka 1965 mwalimu David Cook alihariri mkusanyo wa maandishi yaliyotoka Makerere, Origin East Africa, uliochapishwa na Heinemann. Dar es Salaam nao walikuwa na Darlite tangu 1966, na Nairobi walikuwa na Nexus.

Haifai kuyadharau majarida haya. Mwanafunzi aandikaye insha ya mtihani humwandikia msomaji mmoja, naye ni mwalimu atakayempa alama. Aandikaye katika jarida huwaandikia wenzake, ambao hawana wajibu wa kumaliza hata ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo anapojifunza kukata maneno ya ziada, kukubali kusahihishwa, na kuvumilia kuona kosa lake limekwisha kupigwa chapa. Hatujui darasa lingine lifundishalo hayo kwa bei ndogo kiasi hicho.

Mti uliobadilishiwa jina

Hata hivyo, tukiyasoma maandishi yenyewe tunaona gharama iliyolipwa. Hadithi ya Ngũgĩ katika Penpoint iliitwa The Fig Tree, yaani mti wa jamii ya mitini. Inamhusu Mukami, mke anayehesabiwa kuwa tasa na kupigwa na mumewe. Anatoroka usiku, anafika penye mti mtakatifu, na huko anatambua kwamba ana mimba. Hadithi hiyo ilipotolewa tena katika mkusanyo Secret Lives (1975) iliitwa Mugumo.

Badiliko hilo si dogo. Msomaji wa Biblia akisikia jina la kwanza hukumbuka mara moja mtini wa Marko 11, ule uliokosa matunda ukanyauka. Mwanamke asiyezaa akikimbilia chini ya mti wenye jina hilo, msomaji hungoja laana. Lakini Mgikuyu alisikiapo neno mugumo hukumbuka mahali pa sala na sadaka, naye hungoja baraka. Yawezekana kijana yule alikusudia mambo hayo mawili yagongane; kama ni hivyo, tunamsifu kwa ustadi wake. Lakini mgongano huo humfikia yule tu aliyekwisha kuujua mti kwa jina lake la nyumbani. Wengine waliona upande mmoja, tena upande ambao haukuwa wa Mukami.

Majina na yaliyomo

Wanafunzi wenyewe waliutambua upungufu huu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nexus liligeuka kuwa Busara, Darlite likawa Umma, na Penpoint likafuatwa na Dhana. Jarida la kisiasa la wanafunzi wa Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 1969, na kupigwa marufuku mwaka 1970, liliitwa Cheche. Majina yote manne ni ya Kiswahili safi. Lakini msomaji akifungua ndani, sehemu kubwa ya maandishi ni ya Kiingereza. Umma waliotajwa kwenye jalada hawakuweza kuusoma ukurasa wa pili.

Tusiwahukumu bila haki. Makerere ilikusanya vijana wa makabila na nchi mbalimbali, na wengi wao hawakuwa na Kiswahili cha kuandikia. Idara ya Kiingereza nayo isingeliweza kulea fasihi nyingine kwa urahisi. Lakini udhuru huo haukuwa na nguvu ile ile Dar es Salaam, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Pale jina lilibadilika kabla ya mazoea kubadilika, na mazoea ndiyo yaliyoshinda.

Hitimisho

Jambo hili latuhusu sisi vyuoni mwetu. Wengi wetu tuliandika tasnifu kwa Kiingereza, kisha tukapelekwa kwenye sharika ambazo hakuna mtu atakayetusikiliza kwa lugha hiyo. Kiswahili chetu cha mimbarani hatukukifanyia mazoezi kwa kalamu; tulikiokota njiani. Ndiyo maana twasikia mahubiri yenye sentensi za Kiingereza zilizovikwa maneno ya Kiswahili.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba chuo kitakachoanzisha jarida la wanafunzi kianze na kurasa za ndani kabla ya kutafuta jina. Hadithi, mashairi na michoro ipokelewe kwa Kiswahili, na lugha za nyumbani zipewe nafasi zikiambatana na tafsiri. Wahariri wawe wanafunzi wenyewe. Mwalimu awe mshauri, asiwe bawabu. Nakala za kwanza zitakuwa na makosa, kama za Penpoint zilivyokuwa. Lakini mwanafunzi akiandika juu ya mugumo, auite mugumo, na jirani yake wa kijijini aweze kumsahihisha.