Tembo Hili Halina Mkonga

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi niliyoiona ya kibunifu: chagua methali moja, ichore. Niliwakataza kuandika maana. Nilikuwa nimechoka na maana. Kila methali iliyotajwa darasani ilikuja na maana yake nyuma kama tela, na maana zenyewe zilikuwa tano au sita tu zinazozunguka: tuwe na subira, tusiwe na kiburi, tusikilize wakubwa, tushirikiane, tujitahidi.

Michoro iliporudi, tisa kati yake ilikuwa na tembo. Tembo wa masikio na mkonga. Pembeni yake amesimama mtu mwenye ndoo, anammwagia maji. Mwanafunzi mmoja alikuwa amechora hata sabuni. Chini wameandika: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nilicheka, nikaipeleka michoro kwenye chumba cha walimu, wenzangu wakacheka pia, isipokuwa mwalimu wa hesabu aliyeuliza kwa upole, "Kwani siyo tembo?"

Ni tembo, ila siyo huyo. Tembo la mgema ni pombe ya mnazi. Mgema hupanda mnazini, hukata ncha ya karara kabla halijafunguka, hulifunga, kisha hutundika kibuyu chini yake. Anarudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu uendelee kudondoka. Likiteremshwa mapema huwa tamu; likikaa huwa kali; likikaa zaidi huwa siki. Pwani ya Kenya siku hizi wengi huliita mnazi tu, jina la mti likameza jina la kinywaji, na hilo nalo limesaidia kumwachia mnyama neno lote.

Lakini hata mtu ambaye hajawahi kuona mnazi alikuwa na njia ya kujua. Methali inasema "hulitia maji". Ile *li* katikati ni ushahidi tosha. Angekuwa mnyama, tungesema "humtia maji". Wanafunzi wangu walijua upatanisho wa sarufi. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefanya jaribio lake na wengi walifaulu. Hawakuutumia hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba methali ni sentensi. Tumewafundisha kwamba methali ni kufuli, na maana ni ufunguo unaopatikana ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na vitabu vyetu vya methali, ambavyo vingi vina safu mbili, kushoto methali na kulia maana. Kulia kwa mgema huandikwa kitu kama: mtu akisifiwa sana huvimba kichwa na kuharibu kazi. Sawa. Lakini mtazame mgema mwenyewe. Sifa zikienea, wateja wanaongezeka. Mnazi hausikii sifa. Unatoa leo kiasi kilekile ulichotoa jana. Mgema ana wanywaji ishirini na tembo la wanywaji kumi. Mtungi wa maji uko pembeni. Kwa macho yangu hii ni methali ya biashara kabla ya kuwa methali ya kiburi, na yeyote aliyewahi kula kwenye mgahawa uliosifiwa mno anaielewa bila ufafanuzi. Safu ya kulia imetunyima hilo. Haikukosea. Ilifika haraka mno.

Niliporudisha kazi zile nikaeleza habari ya kugema, msichana mmoja aliyelelewa Iringa akanyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe ni kama ulanzi?" Kama ulanzi kabisa. Kwao wanagema mianzi michanga wakati wa mvua, na mgema ni mtu anayemfahamu kwa jina. Na yeye alikuwa amechora mnyama. Kitu alikuwa nacho nyumbani, methali alikuwa nayo shuleni, na katikati hakukuwa na daraja.

Tangu siku ile nimekuwa nikizikagua methali ninazozitumia mwenyewe, na hali si nzuri. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" niliitumia kwa miaka nikidhani tezi na omo ni miji. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni wa mbele, na ngama ni kule chini katikati yanakokusanyika maji ya kuchotwa. Baharia anaweza kuzunguka jahazi lote. Kazi ya kuchota maji inamngoja palepale. Leo ukisema tezi, vijana wanawaza hospitali na tezi dume. "Ukiona vyaelea vimeundwa" nayo inatajwa kila mtu akinunua gari, ila vinavyoelea ni vyombo vya majini, vilivyopigwa shoka na misumari na watu pale ufukweni. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi": nilidhani ni koleo la mafundi ujenzi, la kuchotea mchanga na zege, na nikawa najiuliza mhunzi analifanyia nini. Ni koleo la kushikia chuma cha moto. Na "nyani haoni kundule" watangazaji huisema redioni asubuhi, watoto wakiwa wanajiandaa kwenda shule, bila wasiwasi wowote. Laiti wangelikata neno la mwisho vipande viwili, kundu lake, sijui kama wangeendelea.

Sisemi haya ili tucheke. Maneno haya yalikuwa ya watu waliofanya kazi hizo, au waliozisikia zikifanywa ng'ambo ya ukuta. Mwaka 1891, mmishenari W. E. Taylor aliyeishi Mombasa alichapisha mkusanyiko wa misemo ya Kiswahili, *African Aphorisms*. Wakati huo majahazi yalikuwa yakija na kuondoka kwa pepo za kaskazi na kusi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa omo. Kazi zimeondoka, methali zimebaki, na neno lililobaki bila kitu chake huazima kitu kingine kilicho karibu.

Kosa la aina nyingine linanikera zaidi kwa sababu ni la waliosoma, na mimi nimo. Fungua tahariri yoyote kuhusu serikali isiyotaka kukiri tatizo. Haichukui muda utakutana na mbuni aliyefukia kichwa mchangani. Mbuni hafanyi hivyo. Dume huchimba kishimo kifupi ardhini, mayai hutagwa humo, na ndege anayeatamia huinamisha kichwa kuyageuza kwa mdomo. Akihisi hatari akiwa kiotani hulaza shingo yake ndefu juu ya ardhi, na kwa mbali kichwa hakionekani. Akiwa amesimama hukimbia, na mbio zake hufika kilomita 70 kwa saa. Uongo huu una umri mkubwa: Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alidai kwamba mbuni akificha kichwa na shingo kichakani hudhani mwili wote umefichika. Mchanga ulikuja baadaye.

Mzungu wa London anayerudia jambo hili nitamsamehe. Lakini sisi mbuni tunaye. Yuko Serengeti, yuko hata katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako ghorofa za mjini zinaonekana kwa nyuma. Tumechukua porojo ya Ulaya kuhusu ndege wetu, tukaifasiri, tukaiandika kwenye magazeti yetu kama hekima. Wakati huohuo Kiswahili kina "mficha maradhi kilio humuumbua", ambayo haina ndege wala mchanga. Ina mgonjwa, na majirani wanaosikia kilio na kujua siku hiyohiyo yaliyokuwa yamefichwa. Niambie ipi inaiuma zaidi serikali inayoficha takwimu.

Ndugu yake huyo mbuni ni ile slaidi ya kwanza kwenye kila warsha: ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nenda na wenzako. Chini yake huandikwa "Methali ya Kiafrika". Ya Waafrika gani? Kwa lugha gani? Slaidi haisemi. Ukiisikiliza kwa Kiswahili unahisi mara moja kwamba imevaa nguo za kuazima. Ni ndefu, imenyooka, na haina kitu cha kushika. Sasa weka kando yake "kidole kimoja hakivunji chawa". Jaribu. Utagundua unahitaji kucha mbili za vidole gumba, zikibanana. Aliyeitunga methali hiyo alikuwa na chawa. Ndiyo maana haijawahi kuonekana kwenye slaidi ya wafadhili.

Kuna mchoro mmoja sijautaja. Mvulana aliyekuwa akikaa dirishani alichagua "Mchumia juani hulia kivulini". Alichora mwanamke ameketi chini ya turubai lililotoboka, rundo la kokoto mbele yake, na machozi yanadondoka. Alivunja sharti langu akaandika maelezo: mtu anayetafuta riziki juani akirudi kivulini analia, kwa sababu alichopata hakitoshi.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: "Siyo! Hulia = hula." Nikampa sifuri kwa kuwa alikuwa amekosea maana na amekiuka maagizo.

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi. Kwanza, sahihisho langu lilikuwa na kosa. *Hulia* siyo *hula*. Ni kula mahali fulani, na hapo mahali ni kivuli. Pili, kwa maandishi na kwa matamshi, kulia kwa machozi na kulia kivulini kwa maana ya kula pale ni neno lile lile. Tembo lilikuwa na *li* ya kulilinda. Mbuni ana miguu yake. Hapa sarufi haikuwa na la kusema. Ilikuwa imeacha milango yote miwili wazi. Wazee walipita mlango mmoja, na ninaamini walijua walikoelekea. Mvulana yule alipita wa pili, naye alikuwa anatazama kitu halisi, jambo ambalo nilikuwa nimelihubiri muhula mzima.

Nilikuja kujua baadaye, kwa mwalimu wa darasa lake, kwamba mama yake anaponda kokoto. Muhula ulikuwa umekwisha, alama zimeshapelekwa, na mimi nimerudi chuoni. Mchoro ninao bado. Wino mwekundu umepita juu ya turubai.