Nani ananyemelea Kolwezi?

Wandugu, leo niko na kitenzi kimoja cha Kiingereza: "sneak". Kamusi inasema ni kwenda polepole, kwa siri, watu wasikuone. Watoto wa shule Uingereza walimwita hivyo mwenzao anayepeleka maneno kwa mwalimu. Hata basket tunazovaa, Waamerika wanaziita "sneakers" juu soli yake ya mpira haitoi sauti. Neno dogo, lakini ndani yake karibu kila mara kuna mtu anayeogopa kukamatwa.

Sasa soma habari za Kiingereza juu ya Kolwezi. Ba creuseur wana-sneak ndani ya konsesyo. Kifaransa kinasema "clandestins", na sisi kwa Kiswahili tunafuata: wameingia kinyemela. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye shimo la KOV, katika konsesyo ya KCC, kampuni ya Glencore. Watu zaidi ya 35 walikufa. Glencore yenyewe ilisema kwamba wastani wa watu 2,000 walikuwa wanaingia kwenye konsesyo zake kila siku bila ruhusa.

2,000! Kunyemelea ni kazi ya paka: yuko peke yake, tumbo chini, anashika pumzi. Watu 2,000 na magunia yao, na sururu, kila siku ya Mungu, hao wanapita tu. Na anayepita hivyo anaonwa. Mimi nauliza: aliyemwona alifanya nini? Hapo ndipo "sneak" inanikasirisha. Inamfanya mlinzi kipofu, na mnunuzi wa madini hayumo kabisa katika sentensi.

Sheria iko, sibishi. Code minier ya 2002 inaruhusu ba creuseur kuchimba katika zone walizopangiwa tu, na wawe na karte. (Zone zenyewe ni chache, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.) Basi tuandike "wameingia bila ruhusa". Kosa limetajwa, na hatujamchorea mtu mwendo wa mwizi.

Tena Kiswahili kiko na akili kuliko tunavyokitumia. Tanzania gazeti linaweza kuandika kwamba mkataba umesainiwa kinyemela, na hapo anayeshutumiwa ni mkubwa wa ofisi. Sisi tulikuwa na nafasi nzuri ya kujaribu. Mwaka 2022 Glencore ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani makosa ya rushwa katika nchi kadhaa, Congo ikiwemo, na Desemba ya mwaka uleule ikakubali kulipa nchi yetu dola milioni 180. Ile hongo ilienda polepole, kwa siri, watu wasione: maana ya kamusi, neno kwa neno. Nilisoma habari nyingi za kesi ile, Kiingereza na Kifaransa. Sikuona mtu hata mmoja ali-sneak. Waliandika "malipo".