Divai ya Ndizi Huamuliwa Shimoni

Mtu aliyeko Kigobe, kaskazini mwa Bujumbura, akitazama mashariki huiona milima ya Mumirwa ikipanda kutoka tambarare ya Imbo, na migomba imetanda kwenye miteremko yake. Ukanda huu wa Ziwa Tanganyika haujulikani kwa mizabibu, lakini una divai yake: urwarwa, kinywaji cha ndizi kinachosindikiza posa, harusi na matanga. Mgeni anayekwenda kuonja huonyeshwa umuvure, lile hori la mbao ambamo ndizi hukamuliwa, kisha huonyeshwa chombo kinachofura povu, naye huondoka akiamini ameiona kazi yote. Nashikilia kwamba ameona nusu ya mwisho tu. Ubora wa urwarwa huamuliwa siku kadhaa kabla ya hapo, ndizi zinapovumbikwa.

Zabibu ya Dodoma hufika kiwandani ikiwa na sukari yake; mzabibu na jua vimeshamaliza shughuli. Ndizi huvunwa ikiwa mbichi, na karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa nyama yake ni wanga, chakula ambacho hamira haiwezi kukila. Lazima wanga huo ugeuke sukari kwanza, na anayeugeuza si mtengenezaji wala hamira, ni ndizi yenyewe kwa vimeng'enya vyake. Kazi ya binadamu ni kuipa mazingira. Shimo huchimbwa, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, ndizi hupangwa, kisha hufunikwa kwa majani na udongo kwa siku tatu hadi sita hivi. Joto huharakisha uivaji, na moshi hubeba ethileni, gesi ileile ambayo wafanyabiashara wa Ulaya huiingiza katika vyumba vyao vya kuivishia ndizi. Mambo yakienda sawa, wanga hushuka hadi asilimia 1 au 2, na ukakasi mkali wa ndizi za pombe hupungua kwa sababu tanini zimeshikamana. Hapo ndipo nyasi za kukamulia zinapofaa kitu: ndizi ikiwa imeiva lakini nyama bado ina ushupavu, nyasi huisugua, maji matamu hutoka, na makapi hubaki yamenaswa. Ikitolewa mapema, hutoa utomvu wenye ukakasi. Ikichelewa, hugeuka uji usiochujika. Muda wa katikati ni mfupi, na kuutambua kwa harufu na kwa kubonyeza ganda ni ufundi unaostahili heshima kuliko unavyopewa.

Wapo watakaosema siri iko kwenye mtama. Ni kweli unga wa mtama uliokaangwa huongezwa kwenye maji ya ndizi, na bila huo rangi na ladha ya urwarwa si ile watu wanayoijua. Lakini kikaango huua vimeng'enya vingi vya nafaka, kwa hiyo mtama huo hauwezi kuokoa wanga uliosalia. Wachaga wanaopika mbege hutumia kimea cha ulezi, ambacho vimeng'enya vyake viko hai, na hata wao huanza na ndizi zilizoiva, wakizichemsha. Wengine watataja maji, na hoja yao ina uzito zaidi: tofauti ya urwarwa mkali uitwao insongo na urwarwa wa kawaida inatokana na kiasi cha maji kilichoongezwa, na muuzaji mwenye tamaa anaweza kuharibu kazi nzuri kwa ndoo moja. Hata hivyo maji hupunguza tu kilichopo. Hakuna kipimo cha maji kitakachoondoa ukakasi wa ndizi iliyotolewa shimoni kabla ya wakati.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaotaka urwarwa uingie kwenye chupa za kiwandani: wanasema tatizo ni usafi na hamira isiyo na mpangilio. Usafi ni muhimu kweli, kwani bakteria wa siki huingia upesi na kinywaji hiki hakidumu siku nyingi. Lakini kiwanda kikinunua ndizi zilizoiva ovyo, chupa safi itahifadhi ladha mbovu kwa uaminifu. Pesa ya kwanza ningeielekeza kwenye chumba cha kuivishia chenye joto linalopimika, kabla ya mashine ya kujaza chupa.

Ushahidi mzito kuliko wote umeletwa na maradhi. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa Burundi mwaka 2010, na dalili yake moja ni ndizi kuiva kabla ya wakati na bila ulingano, nyama ikiwa na madoa ya kutu ndani. Mikungu ya namna hiyo haifai kukamuliwa, hata mikono iwe na ustadi gani, kwa kuwa hatua ya kuiva imevurugwa shambani. Wadudu huusambaza wanapotembelea ua la dume, na panga lisilosafishwa huuhamisha kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo anayeipenda divai hii ana la kufanya kabla ya shimo kuchimbwa: kulikata ua hilo kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapomaliza kutoa vichane, na kuliunguza panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.