Maleba ya Kinjeketile: Ni Fani Tu?

Katika uhakiki wa tamthiliya tumezoea kuyataja maleba mwishoni kabisa, chini ya fani, kwa sentensi moja, kisha tunakimbilia dhamira. Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kuitazama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969).

Hebu tuanze na onyesho moja la wanafunzi nililolitazama Ifakara. Wapiganaji walitoka na ngozi za mbuzi na majani kiunoni. Askari wa Mjerumani walivaa kaki iliyopigwa pasi. Watu walicheka. Jamani, walicheka nini? Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, wakafyekwa kwa bombomu. Waliochekwa jukwaani ni mababu wa watu wa bonde hilihili la Kilombero. Hakuna neno la mwandishi lililobadilishwa. Fundi wa maleba peke yake ndiye aliyeigeuza tamthiliya.

Mtu atasema fundi alitaka uasili. Uasili gani? Wakati ule kaniki na nguo nyingine za madukani zilikwisha kuenea hata bara. Na vita vyenyewe vilianza Umatumbi, Julai 1905, kwa watu kung'oa pamba ya shuruti. Mkulima aliyevaa kaniki chakavu analima pamba ambayo haitakuwa nguo yake. Basi dhamira ya unyonyaji imo mwilini mwa mwigizaji kabla hajafungua kinywa. Ukimvika ngozi, umeifuta.

Tazama tena Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa mkavu. Hadhira haimwoni akiwa chini ya maji. Ushahidi wake ni mwili na nguo tu. Fundi wetu alimtoa na kanzu nyeupe inayong'aa. Kosa! Kanzu hiyo inatuamulia kwamba huyu ni mtume, ilhali Hussein anatuachia shaka, na shaka hiyohiyo ndiyo inayomtesa Kinjeketile mwenyewe. Angempa kaniki ileile aliyoingia nayo, kavu, nasi tungebaki tunajiuliza.

Kaniki ingali inauzwa madukani, na Ifakara wapo hata akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mikono. Kitambaa hakikukosekana. Kilichokosekana ni fundi kuisoma tamthiliya kama mhakiki. Lakini sisi tunaomwandika kwa sentensi moja, tulimfundisha lini?