Heko kwa Mafundi wa Valvu

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Madereva walisifiwa sana. Fundi wa silinda hedi naye anastahili heko.

Kemshafti ya injini ya gari hilo, L24, ikichongwa upya, duara la msingi la kemu hupungua. Hapo fundi hupima, kisha huchagua kisahani kinene zaidi cha juu ya valvu ili kemu isugue katikati ya roka. Asipofanya hivyo, roka huliwa upesi. Springi nazo zina mambo yake: zikiwa dhaifu, valvu huchelewa kufunga injini inapozunguka kasi na huweza kugonga pistoni; zikiwa ngumu mno, huila kemu.

Ni kazi ya subira kubwa! Anayejenga injini ya mbio amsikilize fundi huyu kabla ya kununua kipuri chochote.