Anza na Kijivu

Mteja akiletewa vipeperushi vyake, jicho hukimbilia nyekundu. Inawaka, anatabasamu, analipa. Nyekundu ndiyo rangi rahisi kuliko zote kuipendezesha: mwaga majenta na manjano kwa wingi, kazi imekwisha. Anayejua hutafuta kwanza palipo na kijivu: shati jeupe lililokunjamana, lami, sufuria iliyoko nyuma ya mpishi.

Uchapaji wa kawaida hutumia rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijivu cha picha hutokana kwa kiasi kikubwa na zile tatu za mwanzo zikipatana, samawati ikiwa mbele kidogo: asilimia 50 hivi kwa 40 ya kila mwenzake. Majenta ikizidi, sufuria inaona haya. Manjano ikizidi, shati linaonekana halikufuliwa. Nyekundu inaweza kuficha kosa hilo. Kijivu hakiwezi.

Baada ya kijivu, nyuso. Ngozi nyeusi ndiyo inayomuumbua mdizaini mvivu. Picha iliyopachikwa vilevile ilivyotoka kwenye simu hubeba wino kupita kiasi, paji la uso na mashavu yakawa doa moja zito; au samawati inapanda, na bibi harusi wa kwenye kadi ya saluni anatoka kapauka. Tazama panapopigwa na mwanga, kwenye ncha ya pua na juu ya shavu. Pasipo na wekundu na umanjano wa uhai, rudisha kazi.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea gazeti. Utaona rangi zote ni vitone vilivyopangana. Nenda kwenye herufi nyeupe iliyokaa ndani ya kahawia, utafute uzi mwembamba wa majenta au samawati unaochungulia upande mmoja. Ukiuona, rangi hazikukaliana mashineni. Ila lawama si ya fundi peke yake. Kahawia hujengwa kwa rangi tatu au nne, na kuweka maandishi madogo ndani yake ni kumtafutia fundi kesi. Namba ya simu ichapwe kwa nyeusi tupu juu ya karatasi nyeupe. Hapo sina mjadala.

Ugomvi mwingi wa kuchagua rangi huanzia kwenye simu. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inasubiri mwanga wa kuazima, kwa hiyo kijani kile kinachowaka na chungwa kali hazitafika karatasini kwa rangi nne. Janja kuliko zote ni bluu: samawati na majenta zikilingana hutoka zambarau. Mdizaini mzoefu huishusha majenta walau asilimia 30 chini ya mwenzake. Kampuni isiyotaka kubahatisha nembo yake huagiza wino uliokwisha changanywa kwa namba ya Pantone, mfumo uliopo tangu 1963. Kwa vipeperushi mia tano vya duka la vitenge, gharama hiyo ni ya bure.

Karatasi ya gramu 80 hunywa wino na rangi ikapooza. Rangi ileile kwenye karatasi laini ya gramu 150 inasimama. Basi usikubali sampuli iliyochapwa kwenye karatasi tofauti na ya kazi yenyewe, wala usiikague chini ya taa ya dukani. Viwanda makini vina taa maalumu ya kelvini 5000. Wewe uliyeko Kariakoo toka nje, usimame kivulini jua likishapanda.

Kuna jambo ambalo kioo hakilioni. Kijani na manjano vinapendezana sana kwenye tangazo la mboga, lakini Dar es Salaam msomaji ataona Yanga, na mwaka wa uchaguzi ataona CCM. Ukikimbilia nyekundu na nyeupe, umehamia Simba.

Bango la nje lina mtihani wake. Jua hula manjano na majenta kwanza, ndiyo maana waimbaji wa matamasha yaliyopita wamebaki ukutani na nyuso za bluu. Kabla ya kuagiza, bandika sampuli dirishani penye jua, nusu yake umeifunika kwa kadibodi, uiache wiki kadhaa. Nusu hizo zikiachana sana, mwambie mchapaji abadilishe wino, au bango lako ulijenge kwa bluu na nyeusi.