Programu haiponyeshi waya mbaya

 Najua wengine watacheka: huyu naye alisoma elektronike, leo anatuandikia juu ya treni za kuchezea? Mungoje kwanza. Hii treni yenye kuenea mu mkono ilinifundisha kitu chenye silabus zangu zote hazikunifundisha, na ilinikula pesa.

Nilikuwa Ubelgiji kwa masomo. Mzee mwenye nyumba alikuwa na kichwa cha treni cha zamani, kipimo cha HO. Maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli mbili zinaachana milimita 16,5 tu. Kule Ulaya na Marekani batu wazima banajenga reli nzima mu chumba, na stesheni na milima, na hakuna mwenye kuona haya. Mzee akaniambia: "Si wewe ni injenieri? Unigeuzie hii iwe ya dijitali. Ikienda mbele, taa ya mbele iwake. Ikirudi, ya nyuma iwake." Nikasema ndiyo, bila kuuliza swali hata moja. Nikatafuta maelezo ya wale wenye walishafanya, nikafuata rangi za waya moja moja. Kuiweka tu juu ya reli: moshi! Dekoda ilikufa mara moja.

Leo nakosoa yale maelezo. Si ya mtu mmoja, juu karibu yote yanafanana.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinageuka. Katika mfumo wa zamani, reli zinapata umeme wa moja kwa moja, toka 0 mpaka karibu volti 12. Ukiongeza volti, treni inakimbia. Ukigeuza plus na minus, inarudi nyuma. Umeme ule ule njo nguvu, njo komande. Taa nayo inakula mu sahani moja na motere: treni ikienda polepole, taa inafifia, ikisimama, giza. Diodi tu njo inachagua taa gani iwake, juu inapitisha umeme upande mmoja.

Mfumo wa dijitali unatenga hivyo vitu viwili. Reli ziko na umeme kamili kila wakati, tuseme volti 14 ao 16, hata treni ikisimama. Ule umeme unageuka-geuka maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mugeuko njo herufi: nusu yenye kuchukua mikrosekunde 58 ni moja, nusu yenye kuchukua 100 ao zaidi ni sifuri. Dekoda iko ndani ya kichwa cha treni, inasoma. Ikisikia namba yake, inatii. Ikisikia namba ya mwingine, inanyamaza. Ndiyo maana vichwa viwili vinaweza kutembea juu ya reli moja, kila kimoja na njia yake, na taa inawaka vizuri hata treni imesimama. Ni wazo zuri sana.

Sasa maelezo yanafanya nini na hilo wazo? Yanakupa orodha ya rangi. Nyekundu ku reli ya kuume, nyeusi ku reli ya kushoto, machungwa na kijivu ku motere, nyeupe ku taa ya mbele, njano ku taa ya nyuma, bluu njo plus ya taa zote. Waya saba, chuma cha kusude, Jumamosi moja, kwisha. Yote ni ya kweli. Lakini ni kama kumufundisha mtu kupika bila kumuambia moto ni kitu gani.

Tuchukue ile dekoda yangu ya kwanza. Mu vichwa vya zamani, mara nyingi upande mmoja wa reli unapita ku shasi, na sharbo moja ya motere, kale kapande ka kaboni kenye kupeleka umeme ndani, inagusa ile shasi. Kwa zamani hakuna shida: motere ilipaswa kupata umeme wa reli. Lakini ku dijitali, motere inapaswa kupokea umeme wa dekoda peke yake. Sharbo ikiendelea kugusa shasi, umeme wa reli unagongana na ule wenye dekoda inatoa, na dekoda inaungua. Nisidanganye: mustari wa kusema "hakikisha motere imetengwa" ulikuwapo. Ulikuwa mustari mmoja, kati ya picha nzuri za taa, bila kusema juu ya nini. Nikaupita. Kupima na multimetre kila sharbo na kila upande wa magurudumu kunachukua nusu dakika. Tena kuna reli ya kupangia programu, yenye kutoa umeme kidogo tu. Unaanzia pale. Dekoda ikijibu namba yake (mpya kwa kawaida inatoka na namba 3), waya ziko sawa. Isipojibu, unatafuta kosa mbele ya kuunguza kitu. Hii ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Nikanunua dekoda ya pili. Nikatenga motere. Treni ikatembea, nikafurahi. Lakini nikibonyeza mbele, inaenda mbele na taa ya nyuma njo inawaka! Shauri lenye nilikuta fasi nyingi: "Badilisha CV29." CV ni visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya dekoda, na biti ya kwanza ya CV29 inasema upande gani unaitwa mbele. Nikabadilisha. Sasa nikibonyeza mbele, treni inarudi nyuma na taa ya mbele inawaka. Nililala na hasira.

Asubuhi njo nikaelewa. Ile biti inageuza vyote viwili pamoja, motere na taa, juu taa inafuata neno "mbele", haifuati magurudumu. Kama motere na taa zinapatana lakini zote ziko kinyume na wewe, CV29 itaponyesha. Kama zenyewe kwa zenyewe hazipatani, ni sawa na kugeuza meza yenye batu wawili banagombana: meza imegeuka, ugomvi ungali pale pale. Dawa iko ku chuma cha kusude. Nikarudisha CV29 vile ilikuwa, nikabadilishana waya nyeupe na njano. Dakika tano. Programu haiponyeshi waya mbaya, na maelezo yenye kutuma mtu ku programu bila kumutofautishia hayo makosa mawili yanamupotezea usiku.

Kutoka pale nikaona jambo lingine. Ile taa haijui kama treni inatembea. Motere ikikufa leo, utabonyeza mbele, na taa ya mbele itawaka vizuri kabisa, treni imesimama. Taa inatangaza amri, haitangazi kazi. Wenzangu wa siasa na utawala mutaelewa bila mimi kufafanua.

Kuna na ile habari ya taa nyekundu. Wengi wanaunga taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma ku waya moja, wanapiga picha, wanashangiliwa. Juu ya meza, kichwa kikiwa peke yake, ni vizuri. Lakini ku reli ya kweli, nyekundu inakaa ku mwisho wa gari la mwisho. Mufanyakazi wa reli akiiona inapita, anajua treni ni nzima, hakuna gari lenye limebaki njiani. Sasa kichwa kikivuta magari na nyekundu yake inawaka, inamulika tu uso wa gari la kwanza, inasema treni imeishia pale. Huo ni urembo wenye kusema uongo. Dekoda nyingi ziko na waya ya kijani na ya zambarau kwa kazi zingine. Weka nyekundu pale, uizime ukitaka. Maelezo machache tu yanafika hapo.

Hata rezistansi ya taa wanaitoa kama amri: ohm 1000, usiulize. Lakini hesabu ni ya sekondari. Volti 14, ledi nyeupe inachukua karibu 3, zinabaki 11; gawa kwa 1000, unapata miliampere 11. Ukijua hiyo, taa ikiumiza macho unaweka 2200, bila kumuomba mtu ruhusa.

Nisikosoe tu. Kitu kimoja kinanifanya niheshimu hawa batu: lugha ya treni zao haina mwenye duka. Kampuni ya Lenz ya Ujerumani iliitengeneza mwisho wa miaka ya 1980. Kisha NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni ndogo chenye kilianza 1935, kikaichukua kuwa msingi wa kanuni zake za miaka ya 1990, zenye kila mutu anaweza kusoma. Ndiyo maana dekoda yangu ya pili ilitoka kiwanda kingine na rangi zikabaki zile zile. Sisi wenye kuteseka na sharja zenye haziingiliane tunajua hiyo ni zawadi gani.

Basi hukumu yangu: kazi ni nzuri, ifanyeni mukipata nafasi. Maelezo yake ndiyo mabaya, juu yanakupa matokeo yanaficha sababu. Na hapo nilijitambua. Mu TP zetu meza ilikuwa moja, multimetre moja, asistenti anapima, sisi wengine tunaandika namba. Nilipata pointi nzuri. Lakini kupima mbele ya kuwasha, mukono wangu haukujua, mpaka ule moshi.

Mzee alizima taa za chumba siku treni ilipotengenezeka. Ikaenda, ikasimama, taa ikabaki inawaka, ikarudi, taa ikabadilika. Akasema: "Kumbe ni rahisi." Sikumujibu.

Na nyinyi, wapendwa: ni kitu gani mulisoma miaka yote na mukakielewa siku kiliungua mu mikono yenu? Muandike hapo chini.